Nilivyofika Bwera kwa Miguu

Swali la kwanza mnaloniuliza ni kama nilishinda. La pili, kwa wale walioniona nikivua shati, ni bega la kushoto limepatwa na nini. Nimechoka kujibu nusu nusu, huku mmoja ananikatiza na mwingine ameshamsimulia mwenzake kwamba nilianguka Kongo. Sikuanguka Kongo. Aliyeangukia Kongo ni mtu mwingine, nitamfikia. Kaeni basi niwaeleze yote mara moja.

Nilichoendea mnakijua. Tangu nimalize chuo na shahada yangu ya fizikia, kazi niliyoipata ni kufundisha watoto wa watu tuisheni, na kazi niliyoitaka ni moja tu: kubeba abiria pale Kerio, kuwarusha wageni juu ya bonde wakipiga kelele za furaha. Kocha Jepkorir ndiye anayetoa ruhusa hiyo, naye hatoi kwa kuombwa. Aliniambia hivi: "Nenda shindano moja la masafa, mahali usipopajua. Ufike mwisho kwa hewa. Ukifika, nitakupa abiria." Nikamuuliza kwa nini lazima pawe mahali nisipopajua. Akanijibu kwamba hapa nyumbani nimeshazoea kubishana na kila mtu, hata na upepo, na kwamba upepo wa hapa umeshanizoea.

Shindano lililokuwa karibu lilikuwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori: kuruka kutoka vilima vya Kyarumba hadi Bwera, mji ulio mpakani. Nikafunga mzigo.

Eldoret hadi Kampala

Kwa wale ambao bado mnaita chombo chetu parachuti: parachuti ni ya kuanguka polepole, chetu ni cha kupanda. Ni bawa la kitambaa, refu kuliko basi dogo, lenye kamba nyembamba zinazokutana kwenye kiti unachojifunga. Unakimbia kutoka ukingo wa mlima, bawa linajaa upepo, na ukiipata hewa ya moto inayopanda, nawe unapanda nayo. Likikunjwa linaingia kwenye mkoba mmoja wa mgongoni, lakini mkoba wenyewe ni mkubwa kama gunia la viazi, na mtu mwenye mkoba wa namna hiyo hasafiri peke yake. Anasafiri na maswali.

Mama aliyeketi nami alianza kuniuliza kabla hatujatoka Eldoret. Alidhani nauza vyandarua. Nilipomweleza, alinitazama hadi Bungoma, kisha akauliza mama yangu anajua? Nikamwambia anajua. "Na amekubali?" Nikamwambia hajakubali, amechoka tu. Akafungua kikapu, akanipa yai la kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha gazeti, akasema mtu anayekwenda kufa asiende na njaa. Pale Malaba tulikaa nyuma ya malori hadi jua likahama upande mwingine wa basi, na katika muda huo alipita akiwatangazia abiria wengine habari zangu. Tulipoingia Kampala jioni, watu nisiowajua waliniaga kama maiti.

Kampala hadi Kasese

Basi la Kasese lilipitia Mbarara. Baada ya hapo nchi inashuka, migomba inakwisha, mnaingia kwenye nyika pana ya wanyama na mnavuka mfereji ambamo viboko hulala kama mawe. Kisha milima inatokea upande wa kushoto. Haitokei yote. Kilele chake kimefunikwa na mawingu muda mwingi kiasi kwamba watu wa pale husema theluji ipo jinsi sisi tunavyosema bahari ipo.

Kabla ya kufika mjini tulisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Mwanajeshi mmoja alipanda, akatazama chini ya viti, akaupiga mkoba wangu kwa kiatu.

"Hii mzigo iko ya nani?"

"Yangu, afande."

"Iko nini ndani?"

Hapo ningeweza kusema hema. Lakini mimi na hulka yangu. "Bawa la kurukia, afande. Kama parachuti."

"Toka inje. Wewe iko komando?"

"Hapana, afande. Ni mchezo tu."

"Mchezo ya parachuti. Nani nakutuma?"

"Nimejituma mwenyewe."

Basi zima likaguna. Lilikuwa jibu baya. Akaniamuru nilifungue lote pale kando ya barabara, nami nikamwonya kwamba kuna upepo. Akasema upepo si kazi yangu. Nikalikunjua, yeye akashika kamba ili azikague, na upepo wa alasiri ukafanya kazi yake. Bawa likasimama juu ya vichwa vyetu, jekundu, na afande akaanza kwenda kule asikotaka.

"Kamata! Kamata hii kitu!"

Abiria walishuka wakicheka, wakalirukia bawa kama wanaokamata mbuzi. Lilipolala, afande alijipangusa, akanitazama kwa jicho jipya kabisa, la mtu anayetaka kujua.

"Sasa mutu nakaa wapi?"

Nikamwonyesha kiti.

"Na kama upepo nakataa?"

"Basi unashuka, afande."

"Nashuka wapi?"

"Popote."

Akageuka akaitazama milima, mashamba yaliyopangwa juu yake hadi kwenye mawingu, akatikisa kichwa. "Popote hapana. Huku hakuna popote. Huku kila mahali iko ya mutu."

Nikadhani ananitisha. Akasaidia kukunja.

Kasese

Mwenyeji wangu alikuwa Masika. Baadhi yenu mnamkumbuka: ndiye yule binti wa Wakonzo, watu wa milima hiyo, aliyekuja Kerio kujifunza kuruka, akalala kwetu msimu mzima, akamfundisha mama yangu kupika maharage bila haraka. Anauza misumari na rangi katika duka la baba yake mjini Kasese, na kwa kuruka ananizidi, ingawa sikuwahi kumwambia.

Nilifika kituoni nikauliza watu duka la Masika liko wapi. Wakaniuliza Masika yupi. Kumbe Wakonzo humpa mtoto jina kwa nafasi yake ya kuzaliwa. Kila nyumba ina Masika wake, binti wa kwanza, na kila nyumba ina Bwambale wake, mvulana wa pili. Nikaanza kumweleza: mrefu kidogo, anacheka kwa sauti, anaruka na bawa. "Aaa," wakasema, "Masika ya hewa," na wakanipeleka hadi mlangoni.

Mama yake alitupa bundu, ugali wa muhogo, laini unaovutika, pamoja na samaki wa ziwani. Nikauliza muhogo huo unaloekwa kwa muda gani, na sumu yake hutolewaje, na nani aligundua kwanza kwamba ina sumu na je, alipona. Mama Masika alimtazama binti yake. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, maswali haipoi. Bundu inapoa."

Kyarumba

Siku iliyofuata tulipanda Kyarumba kufanya mazoezi. Gari lilituacha mwisho wa barabara, tukaendelea kwa njia ya miguu iliyosimama kama ngazi, katikati ya kahawa. Wanawake walitupita wakiwa na magunia kichwani, wakitusalimu bila kuhema, nasi hatukuwa na pumzi ya kuitikia.

Mwamuzi wa shindano, mtu mpole kutoka Kampala mwenye kofia pana, alitukusanya akatueleza upepo. Asubuhi hewa baridi inateremka kutoka kwenye theluji. Jua likipanda, miteremko inapata joto na hewa inaanza kupanda. Mchana upepo mwingine unaingia kutoka ziwani, unasukuma kwenye mabonde. Pepo hizo mbili hukutana juu ya migongo ya vilima, na nyuma ya kila mgongo, upande usiopigwa na upepo, hewa huviringika kama maji nyuma ya jiwe. Huko msipite chini. Tazameni moshi, akasema. Wakulima wanachoma magugu kila siku, na moshi wao utawaonyesha upepo bila kudanganya. Na mkifika Bwera, msivuke mto ulio nyuma yake. Ng'ambo ni Kongo.

Nikauliza maswali yangu. La mwisho lilihusu kanuni moja: rubani akimwona mwenzake ameanguka, abaki juu yake hadi ahakikishe amepata msaada. Nikauliza ahakikishe vipi akiwa hewani.

Masika ndiye aliyejibu. "Utaona mwenyewe. Huku hatuna gari la wagonjwa, lakini watu tunao."

Na kweli niliona. Katika mazoezi nilitua kwenye uwanja mdogo wa kanisa, na kabla miguu yangu haijagusa nyasi, mlima mzima ulikuwa unateremka unakimbia: wazee, kina mama wenye majembe, watu walioacha chakula jikoni. Walinishika mikono, wakaniuliza nimeumia wapi, wakasikitika kidogo waliposikia sijaumia. Bawa langu walikuwa wamelikunja vibaya kabla sijavua kofia. Tangu hapo nilikuwa na hakika: ukianguka Rwenzori, utaokolewa hata usipotaka.

Kyarumba hadi karibu na Bwera, kwa hewa

Siku ya shindano tuliruka kabla ya adhuhuri, mmoja baada ya mwingine. Masika alikuwa mbele yangu. Kifaa changu cha kifuani, kile kinacholia hewa inapokupandisha, kilianza kulia mara tu nilipouacha mteremko, na nikazunguka nikipanda hadi nyumba za Kyarumba zikawa kama punje.

Nitawaambia kitu ambacho sikumwambia mtu siku ile: huko juu sikuwa na swali hata moja. Kulikuwa na baridi, harufu ya mvua kutoka upande wa theluji, na sauti ya kamba zikipiga filimbi. Chini, vilima vilikuwa vimekatwakatwa kwa kijani cha kila aina, na moshi mwembamba ulisimama hapa na pale, ukiinama kuelekea mlimani. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza mapema.

Nilivuka bonde la kwanza vizuri. La pili nililivuka vibaya, nikitikiswa kama ungo, nikapoteza urefu mwingi kisha nikaupata tena juu ya mwamba mweusi uliokuwa ukiota jua. Wengine walikuwa wamebaki nyuma au wamekwisha kutua. Nilipofika juu ya mgongo wa mwisho, nikaiona Bwera: mabati yaking'aa, uwanja wa shule uliowekewa kitambaa cheupe katikati, barabara imejaa malori hadi forodha ya Mpondwe, na nyuma yake mto. Nilipima kwa macho, nikapima kwa kifaa, nikapima tena kwa sababu ndivyo nilivyo. Urefu ulitosha. Ningeteleza tu hadi pale kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani. Nikaanza kufikiri nitamwambiaje Kocha.

Masika alikuwa chini yangu, mbele kidogo, akiuvuka mgongo ule ule. Alikuwa chini mno. Nikamwita kwenye redio, nikasikia mkwaruzo tu. Mlima ulikuwa umetuziba. Akaingia upande wa nyuma, na hewa ile inayoviringika ikamkamata. Nusu ya bawa lake ilijikunja kama karatasi iliyofinywa. Likamzungusha. Nikaona mwavuli wake wa akiba ukitoka, mweupe, ukafunguka, kisha vyote vikaangukia kwenye migomba.

Nikazunguka juu yake. Nikasema moyoni: sasa hivi watu watakuja. Nikaitazama mitaa iliyozunguka, njia za miguu, malango. Nikangoja waanze kuteremka wakikimbia, kisha mimi niende zangu Bwera.

Hakuna aliyekuja.

Nikazunguka tena. Kila mzunguko ulinila urefu, na kila mzunguko Bwera ilisogea mbali kidogo. Ule mwavuli mweupe haukusogea. Hakuna jembe lililoinuliwa, hakuna mtoto aliyepiga kelele. Ndipo nilipogundua jambo ambalo lingepaswa kunigutusha mapema: kilima kile kizima hakikuwa na moshi. Vilima vyote nilivyovipita vilikuwa na moshi, hiki peke yake hapana. Shambani hakukuwa na mtu hata mmoja.

Nikawaona baadaye, kwenye bega la mlima lililofuata: turubai la buluu, na chini yake na pembeni yake umati uliovaa rangi za giza, umesimama umetulia. Masika aliwahi kunieleza nyumbani kwetu kwamba kwao mtu akifa, kijiji hakishiki jembe hadi azikwe. Nilimuuliza siku ile kama wafu wanajua nani amelima. Sasa nilikuwa natazama jibu lake kutoka juu. Mlima wote ulikuwa kwenye mazishi, na kutoka pale walipo, migomba ile haionekani.

Kubaki nikizunguka juu ya Masika kungetimiza kanuni na kusingemsaidia. Kwenda Bwera kuwaambia waamuzi kungenipa abiria wangu, na gari lingekuja hadi mwisho wa barabara, kisha watu wangepanda kwa miguu wakati mvua ile ya mlimani inaingia. Nilitazama uwanja wa shule mara moja zaidi. Nikageuza bawa kuelekea turubai la buluu.

Mazishini

Palikuwa na shamba moja tupu kando ya kaburi. Nilikuja kutoka nyuma ya kwaya. Mhubiri alikuwa akisoma, akaniona kabla ya wengine, akaendelea kusoma kwa muda na macho yametoka kwenye kitabu. Miguu yangu iligusa, upepo ukanisukuma, na bawa jekundu likaja taratibu likawafunika waimbaji wa safu ya nyuma pamoja na benchi lao.

Kisha sauti ya bibi mmoja: "Yesu."

"Muzungu anashuka kwa mazishi," mtu akasema.

"Si muzungu. Angalia, ni mutu mweusi."

"Mutu mweusi anaweza kufanya hii?"

Mwanaume mmoja mpana wa kifua, shati jeupe limechafuka udongo, akaja hadi puani kwangu. Baadaye nilijua anaitwa Bwambale na kwamba ndiye mkuu wa kikundi cha pale cha wabebaji wa wagonjwa na maiti. "Wewe, unasimama juu ya maharage ya mujane," akasema.

Nikatazama chini. Yalikuwa yamechipua juzi tu. Nilimkumbuka afande.

Niliomba radhi, nikaeleza kwa Kiswahili chetu cha shule, nikakisikia mwenyewe kilivyo kirefu. Mwenzangu ameanguka. Ni binti wa Kasese. Yuko kwenye migomba, nyuma ya mgongo ule. Sijui kama yu hai.

"Binti ya nani?"

"Masika. Ana duka la misumari."

"Masika ya hewa?" Minong'ono ikasambaa. Vijana wakaanza kuvua makoti.

Nilipiga simu kwa mwamuzi. Alisema angetuma gari hadi mwisho wa barabara. Zaidi ya hapo, akasema, hana la kufanya. Bwambale akasikia, akatazama upande wa kaburi. Pale kando palikuwa na kipoyi, machela yao ya fito na kamba, iliyokuwa imemleta marehemu asubuhi. Nikafuata macho yake.

"Ile hapo," nikasema. "Tuichukue."

"Ile iko kwa kazi ya mufu. Kaburi haijafungwa. Ikifungwa, tunaosha kipoyi, ndiyo mugonjwa analala juu yake."

"Kwa nini?"

Akanitazama vizuri. "Wewe unataka sababu, ama unataka kipoyi?"

Mimi, nikafunga mdomo. Mnaonijua mtaelewa maana yake.

Wazee wakaanza kujadiliana kwa Lhukonzo, lugha yao, sauti chini, na kijana mmoja akanitafsiria. Mmoja alikataa, mwingine akasema tungeweza kukata fito mpya, wa tatu akauliza panga liko wapi. Ngurumo ilisikika kutoka kwenye mawingu. Kisha mjane akainuka kwenye mkeka. Alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa kimefungwa kichwani, sauti imekauka kwa kulia.

"Bwambale. Huyu wangu alikuwa anabeba na wewe miaka yote, ama nadanganya?"

"Haudanganyi, mama."

"Bibi yako, wakati mutoto alikataa kutoka, nani alimubeba kushuka Bwera?"

"Ni yeye. Mbele, bega ya kuume."

"Sasa leo munyime mutu kipoyi sababu ya yeye? Akisikia atanicheka." Akakaa. "Mubebe. Yeye atangoja. Hana haraka tena."

Wabebaji walijipanga, na mmoja mmoja akaokota udongo akautupa kaburini, kwa sababu hawangekuwapo likifungwa. Ilipofika zamu yangu nikasita. Sikumjua. Bwambale akanisukuma mgongoni.

"Umefika mazishi. Huwezi kwenda hivi hivi."

Nikatupa. Siamini kwamba aliyekuwa mle ndani alijua ni nani anayetupa. Lakini nilisikia udongo wangu ukigonga mbao, na nikaona ni haki nisikie.

Kutoka migombani hadi barabarani

Tulimkuta Masika ameketi, ameegemea mgomba, uso umekuwa wa kijivu. Mguu wake wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umeelekea kusikofaa. Alipotuona wote tunatokea na nguo za mazishi alifumba macho.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Si wewe," Bwambale akamjibu. "Nyamaza tukufunge."

Walimfunga mguu kwa vipande vya shina la mgomba na kamba za bawa lake mwenyewe. Nilianza kusema kamba zile ni ghali, nikaacha. Wakamlaza. Kisha Bwambale akanitazama kuanzia chini hadi juu, akasema mrefu anakaa mbele, kwa sababu tunateremka.

Kipoyi kinabebwa na watu wanne, na wengine wanatembea kando. Bila kusimama, bila neno, bega jipya linaingia chini ya fito na la zamani linatoka, mgonjwa hajui. Zamu yangu ilijulikana mara moja. Kila nilipobadilisha bega Masika alipiga kelele.

"Kibet! Mimi ndiye abiria wako wa kwanza, na unanitikisa hivi?"

"Vumilia. Ninajifunza."

"Ungejifunza na gunia!"

Wabebaji wakacheka, na mmoja akaanzisha wimbo. Nilimuuliza Bwambale, maana swali lilikuwa limenitoka kabla sijalizuia, kama ni desturi kuimba. Alisema mfu hubebwa kimya. Mgonjwa anaimbiwa, ili asilale njiani. Masika aliimba nao pale alipoweza, na alipoacha tuliongeza sauti hadi aanze tena.

Mvua ilitukuta katikati. Njia ikawa utelezi mtupu, fito ikala bega langu mahali pamoja, na kila mara nilipotaka kuomba tupumzike nilimwona mzee mmoja anayetembea mbele yetu akiondoa mawe kwa mguu, koti la mazishi limelowa mgongoni, nikaendelea.

Gari lilikuwa mwisho wa barabara. Lakini mvua ilikuwa imeufanya mteremko wa kwanza kuwa tope, na dereva aliogopa kuushuka. Wabebaji hawakujadiliana naye. Walipita kando ya gari, na kipoyi juu, wakaendelea hadi Bwera kwenyewe, hadi mlango wa hospitali. Niliomba kushika bega la mwisho. Walinipa.

"Wasingya," Masika aliwaambia, asante, kwa kila mmoja na jina lake.

Bwambale alikuwa ameshageuza machela. "Tunarudi kumaliza ya mwenzetu," akasema. Akanigusa bega, lile lenye alama, na mimi nikaruka kwa maumivu, naye akafurahi. "Siku ya kumaliza matanga utakuja. Mutu anayetupa udongo anarudi kula. Lakini kuja na gari. Maharage itakuwa imekomaa."

Bwera, na nyumbani

Waliofika uwanjani kwa hewa walikuwa wachache. Upepo wa ziwa ulikuwa umekuwa mkali, na yule mtu niliyewaahidi, rubani mmoja mnene kutoka Entebbe, alipitishwa juu ya uwanja, juu ya barabara, juu ya forodha ya Mpondwe, akatua ng'ambo ya mto. Alirudi jioni kwa miguu kama wafanyabiashara wengine wote, bawa lake likiwa juu ya kichwa cha mchukuzi wa Kikongo aliyekuwa akiwaeleza maafisa, "Huyu mutu alianguka kwetu, kuko watu wanamutafuta huku?" Rubani mwenyewe alikuwa na furaha kuliko mshindi.

Mwamuzi alinikuta hospitalini nikinywa chai. Aliniambia kanuni inasema rubani anayeacha njia kumsaidia mwenzake hapotezi kitu. Nimehesabiwa kuwa nimefika. Akanipa mkono. Nikamuuliza kama ana hakika ningefika kweli, kwa upepo ule uliompeleka mtu Kongo. Akasema hana hakika. Nami sina.

Masika amewekewa chuma mguuni na anatembea kwa magongo dukani, akiwasimulia wateja kwamba aliteremshwa na Mkenya asiyejua kubeba. Nilirudi kwa njia ile ile: Mbarara, Kampala, Malaba. Kwenye kizuizi hakuwapo yule afande.

Kocha Jepkorir alikuwa ameshaona matokeo kwenye simu. Alinikaribisha chai, akaketi, akaniuliza jambo moja.

"Hapa inasema umefika Bwera. Ulifika kwa hewa?"

Ningeweza kubishana. Nilikuwa na kanuni, nilikuwa na mwamuzi, nilikuwa na hesabu za urefu na mteremko, na mnanijua kwa hesabu.

"Hapana," nikasema. "Kwa miguu."

Akatikisa kichwa polepole, akanimiminia chai, na hatukuzungumza tena habari hiyo. Kwa hiyo mnapokutana nami njiani mkaniuliza kama nimeruhusiwa kubeba mtu, jibu langu ni hili, na msiniongezee: hewani, bado.